Je, Mkatoliki Asome Biblia Isiyo na Idhini ya Kanisa Lake?



Liko swali linalozunguka katika nyumba zetu hapa Zinga, na kwa majirani zetu wa Kerege na Mapinga, hata Bagamoyo mjini. Je, ni halali kwa Mkristo wa Kanisa Katoliki kusoma Biblia ambayo haikupata idhini ya Kanisa lake? Yamkini mtu atatuambia: Hilo ni neno la Wakatoliki, nanyi Waanglikana lawahusu nini? Waachieni wenyewe.

Jibu letu ni kwamba linatuhusu, tena sana. Katika pwani hii sisi Wakristo tu wachache kati ya jirani zetu Waislamu, na hao wachache tumechanganyika. Binti wa mtaa wetu huolewa katika nyumba ya Kikatoliki, na pamoja na vyombo vyake huichukua ile Biblia ya Union Version aliyopewa siku ya Kipaimara. Mama mkwe huiona mezani, hufunua kurasa za mwanzo, hutafuta neno la idhini ya Askofu asilione, kisha huifunga. Tangu siku ile kitabu hukaa juu ya kabati, na binti huona haya kukishusha. Au tumekutana matangani, usiku ni mrefu, wafiwa wamechoka, na mmoja anaombwa asome neno la faraja. Biblia iliyopo ni yetu, na mwenye macho mazuri ya kusoma kwa taa ni Mkatoliki. Asome, asisome? Nasi tumsihi, au tunyamaze? Hapo swali limekwisha kuwa la kwetu sote.

Hebu basi tulitazame kwa utaratibu, bila kelele na bila kumdharau mtu.

HOFU HII ILITOKA WAPI

Wazee wa Kikatoliki wanaoogopa Biblia isiyo na idhini hawakubuni hofu hiyo wenyewe. Mwaka 1564, baada ya Mtaguso wa Trento, Papa Pius IV alitoa kanuni juu ya vitabu. Mojawapo ilitaka kila atakaye kusoma Biblia kwa lugha ya watu wa kawaida awe na ruhusa ya maandishi. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 1757, zikakubaliwa tafsiri zilizoidhinishwa na Roma na zenye maelezo ya walimu wa Kikatoliki. Kisha ikaja Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917. Katika kanuni yake ya 1399, tafsiri za Maandiko zilizotolewa na wasio Wakatoliki ziliwekwa kati ya vitabu vilivyokatazwa. Waliofunguliwa mlango ni wale tu waliokuwa wakijifunza teolojia au Maandiko, nao kwa masharti.

Sasa tupige hesabu kwa upande wetu. Biblia ya Union Version, iliyoandaliwa na makanisa yasiyo ya Kikatoliki ili waumini wa pwani na wa bara wasome Kiswahili kimoja, ilitoka nzima mwaka 1952. Katazo la 1917 lilikuwa bado na nguvu. Basi Mkatoliki wa Bagamoyo aliyeifungua Biblia hiyo katika miaka ile bila ruhusa alikuwa akivunja sheria ya Kanisa lake. Katekista aliyewaonya watoto hakuwa mkorofi wala hakuichukia Biblia. Alifundisha alichoagizwa. Watoto wale ndio babu na bibi wa leo, na mtu hukumbuka kwa muda mrefu alichoonywa akiwa mdogo.

Lakini mambo yalibadilika. Tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, iitwayo Dei Verbum. Hati hiyo ilitaka waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko Matakatifu. Ikasema pia kwamba, nafasi ikipatikana na wakuu wa Kanisa wakikubali, tafsiri zinaweza kufanywa pamoja na ndugu wa makanisa mengine, na Wakristo wote wakazitumia. Mwaka uliofuata, 1966, ile orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliondolewa nguvu ya sheria, na kabla mwaka haujaisha kanuni ya 1399 nayo ikafutwa. Mwaka 1968 wakuu wa Kanisa Katoliki na Umoja wa Vyama vya Biblia walikubaliana juu ya miongozo ya kufasiri pamoja.

Sheria ya Kanisa Katoliki inayotumika sasa ni ile ya mwaka 1983. Neno lake juu ya jambo hili limo katika kanuni ya 825. Inasema kwamba vitabu vya Maandiko Matakatifu visichapishwe bila idhini ya Kiti cha Mtume au ya Baraza la Maaskofu, na kwamba tafsiri ziwe na maelezo ya kutosha. Inaendelea kusema kwamba Wakatoliki, kwa ruhusa ya Baraza la Maaskofu, wanaweza kuandaa na kutoa tafsiri pamoja na ndugu waliotengana nao.

Tuangalie vema kanuni hii inasema na nani. Inasema na wenye kuchapisha na wenye kuidhinisha. Mama aliyekaa barazani na kitabu magotini hatajwi humo, wala hahukumiwi. Katazo lililomgusa msomaji lilikuwa lile la 1399, nalo lilifutwa mwaka 1966. Limebaki jambo la dhamiri, kwa sababu tangazo la 1966 lilimkumbusha kila Mkatoliki kujilinda na maandishi yanayoweza kuidhuru imani yake. Na limebaki jambo la ibada, kwa maana masomo ya Misa yao husomwa katika vitabu vilivyoidhinishwa kwa ajili ya altare. Kwa hiyo anayesema leo kwamba Mkatoliki akifungua Union Version nyumbani kwake amevunja sheria, anasema habari ya zamani.

JE, IDHINI NI KITU BURE?

Hapa wengine wetu hupiga makofi haraka mno. Husema: Neno la Mungu halihitaji muhuri wa mwanadamu. Maneno haya ni matamu kuyasikia, lakini tuyapime.

Ni kweli Neno la Mungu halihitaji muhuri wetu. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu hapa mtaani aliyelipokea Neno hilo kwa Kiswahili bila mikono ya watu. Manabii hawakuandika Kiswahili, wala Mitume. Ng'ambo ya maji yetu, kule Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni yetu, aliyefariki mwaka 1882, alitumia miaka mingi kupima neno moja moja kabla ya kuliweka katika Agano Jipya. Waliomfuata waliendelea hata Biblia nzima ikapatikana mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kila neno lilichaguliwa na mtu, na mtu anayechagua anaweza kuchagua vema au vibaya.

Tutoe mfano. Katika Waraka wa Yakobo, mlango wa tano, mgonjwa anaagizwa awaite watu wa Kanisa waje wamwombee na kumpaka mafuta. Ni nani hao? Union Version inawaita wazee wa kanisa. Neno la Kiyunani lina maana hiyo ya wazee, na hakuna aliyedanganya. Lakini kwa masikio ya Mtanzania wa leo, mzee wa kanisa ni yule mlei aliyechaguliwa katika halmashauri, anayehesabu sadaka na kusimamia ukarabati wa paa. Msikilizaji asiyefundishwa atadhani hao ndio wanaokuja na mafuta. Mkatoliki atasema kwamba hao ni mapadre, na sisi tuliolelewa na misheni ya Unguja tutakubaliana naye, kwa sababu kwetu nasi mafuta ya wagonjwa huletwa na kasisi. Neno ni sahihi, lakini msomaji amehitaji mwalimu.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mashahidi wa Yehova wanayo tafsiri yao ya Kiswahili, nao huja nayo mpaka mlangoni. Mwanzoni kabisa mwa Injili ya Yohana, pale mtume anaposema Neno alikuwa nani, wao huandika jina la Mungu kwa herufi ndogo. Kiswahili hakina kile kineno kidogo cha Kiingereza kinachotenga mungu fulani na Mungu mmoja, basi fundisho zima la Uungu wa Bwana wetu limewekwa juu ya herufi moja. Tena mtu akisomewa kwa sauti hasikii tofauti yoyote. Anaweza kusikiliza mwaka mzima asijue. Sasa yule ndugu yetu anayesema muhuri ni kitu bure, je, ataipokea tafsiri hiyo na kuwapa watoto wa Shule ya Jumapili? Hataipokea, na atafanya vema. Lakini kwa kuikataa, yeye naye ametumia idhini, ila hakuiita kwa jina hilo.

Hili ndilo neno tunalotaka kulisema katika makala hii. Kila asomaye Biblia kwa Kiswahili anasoma kwa kumwamini mtu. Anayekataa idhini za maaskofu amewaamini Chama cha Biblia, au wamisionari wa zamani, au padre aliyempa kitabu, au mama yake aliyemfundisha kusoma. Mkatoliki anayetafuta jina la Askofu katika kurasa za mwanzo anajua amemwamini nani. Wengi wetu hatujauliza.

JIWE LA MIZANI

Idhini ni nini basi? Tuchukue mfano wa sokoni. Muuza mchele ana jiwe la mizani lenye muhuri wa serikali. Muhuri haukuliongezea jiwe uzito. Kilo ni kilo kabla ya muhuri na baada yake. Muhuri ni ushuhuda tu, kwamba yuko mtu mwenye kazi hiyo aliyelipima akaliona ni kweli, naye yuko tayari kujibu akiulizwa. Na kama muuzaji mwingine ana jiwe lisilo na muhuri, hatuwezi kusema mara moja kwamba ni mwizi. Huenda jiwe lake ni sawa kabisa. Ila mnunuzi hana wa kumshuhudia, na imempasa kupima mwenyewe au kumwuliza anayejua.

Ndivyo ilivyo kwa tafsiri. Kukosa idhini si sawa na kulaaniwa. Tafsiri inaweza kukosa idhini kwa sababu haikuombewa, au kwa sababu imepungukiwa na vitabu fulani, au kwa sababu imepotosha imani. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na ni kosa kuyatia katika kapu moja. Union Version na tafsiri ya mlangoni tuliyoitaja hazina idhini ya Maaskofu Katoliki zote mbili, lakini haziwezi kuhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Historia yatufundisha pia kwamba muhuri huweza kuchelewa. Katika Uingereza, William Tyndale alifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza bila idhini. Mwaka 1526 Askofu wa London alichoma nakala zake, na mwaka 1536 mwenyewe aliuawa katika nchi za ng'ambo na mwili wake ukachomwa. Haikupita miaka mitatu, mwaka 1539 ikatolewa Biblia Kubwa ya Kiingereza kwa amri ya mfalme, ili iwekwe katika kila kanisa la mtaa. Na sehemu kubwa ya maneno yake yalikuwa ya Tyndale yule yule. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Biblia ya Kiingereza iitwayo Revised Standard Version, iliyofanywa na Waprotestanti, ilipata toleo lake la Kikatoliki, Agano Jipya mwaka 1965 na Biblia nzima mwaka 1966, kwa mabadiliko machache tu. Jiwe ni lile lile, lakini muhuri ulikuja baadaye.

Kwa hiyo tusiudharau muhuri, wala tusiuabudu. Mtu anayesoma peke yake kwa kiburi hataokolewa na ukurasa wenye jina la Askofu. Na mtu anayesoma kwa unyenyekevu, akiuliza asichokielewa, hatapotea upesi kwa sababu ukurasa huo haupo.

TUWATAZAME JIRANI ZETU

Tukidhani kwamba kuuliza nani amefasiri ni desturi ya Wakatoliki peke yao, tuwatazame jirani zetu Waislamu tunaoishi nao. Mwaka 1923 ilichapishwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na aliyeifasiri alikuwa Kanoni Godfrey Dale, kasisi wa misheni yetu ya Unguja. Alikuwa mtu wa elimu. Lakini tafsiri yake ilitoka mikononi mwa mtu asiyeiamini Kurani, tena mwenye kusudi la kuwajibu Waislamu. Ni Mwislamu gani angeitia nyumbani kwake kwa ajili ya kuabudu? Mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya ilitoa tafsiri yake, nayo ilipingwa na masheikh wengi wa pwani. Mwaka 1969 ikatoka nzima ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, na wengi wakaipokea kwa sababu walimjua mwenyewe na elimu yake.

Hakuna Mwanglikana mwenye busara atakayewacheka Waislamu kwa hilo. Basi kwa nini tumcheke Mkatoliki? Sisi tuliowahi kufasiri kitabu cha watu wengine tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba mtu hupenda kuupokea mkate wake kutoka mikono anayoijua.

VITABU VINAVYOKOSEKANA

Liko jambo moja ambalo Mkatoliki analalamikia kwa haki. Union Version kama inavyouzwa kwetu ina vitabu 66. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73. Vinavyokosekana ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Mkatoliki akipewa kitabu hicho akaambiwa ni Biblia nzima, kwake ni kama mtu aliyeuziwa shamba la minazi, kisha akakuta minazi saba ya upande wa mashariki imekatwa.

Lakini je, sisi Waanglikana tunaona hasara hiyo? Kanuni ya sita katika zile Kanuni 39 za Dini inavitaja vitabu hivi, nayo inafundisha kwamba Kanisa huvisoma kwa ajili ya mifano ya maisha na mwenendo mwema, ingawa halijengi fundisho la imani juu yake. Kwa desturi yetu basi si vitabu vya kutupwa. Hata hivyo ni vijana wangapi wa mtaa wetu waliowahi kumsoma Tobiti, mzee yule aliyezika maiti za watu wake kwa hatari ya maisha yake? Hapa pwani tunajua heshima ya kuzika. Kisa hicho kingetufaa. Mkatoliki anapouliza vitabu vyake viko wapi, anatusaidia kuuliza vya kwetu viko wapi.

Na hapa pia wachungaji wa pande zote wana deni. Anayemwambia mtu asinywe maji ya kisima kile, sharti amwonyeshe kisima kingine, tena kisiwe mbali. Mvuvi wa Mlingotini akiambiwa asome Biblia yenye idhini, basi Biblia hiyo ipatikane, na kwa bei anayoiweza mvuvi. Kama nyumbani mwake kiko kitabu kimoja tu, nacho ni Union Version iliyorithiwa, wala hakuna kingine hata mwezi ujao, asiache kusoma. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Injili ya Luka iliyomo ndani yake ni Injili ya Luka. Zaburi zilizomo ni zile zile ambazo Bwana wetu alizisali.

BASI TUFANYEJE?

Tukiyakusanya hayo yote, jibu letu ni hili.

Kwanza, Mkatoliki anaweza kusoma nyumbani kwake tafsiri iliyofanywa kwa uaminifu na makanisa mengine, ingawa haina idhini ya maaskofu wake, wala sheria ya Kanisa lake ya leo haimhesabii kosa. Akijua vitabu vilivyokosekana na mahali penye kuhitaji maelezo, atafaidika. Lakini katika Misa yake atafuata kitabu cha Kanisa lake, nasi tusimshawishi vingine. Kwetu nasi msomaji hapandi kwenye mimbari na kitabu chochote alichookota.

Pili, tafsiri iliyogeuza imani yenyewe, kama ile ya herufi ndogo, isiwe chakula cha kila siku kwa Mkatoliki wala kwa Mwanglikana. Mwenye elimu aweza kuichunguza ili awajibu watu. Asiye na msingi asianzie hapo. Hapa Askofu wao na Askofu wetu wako upande mmoja.

Tatu, kama Mkatoliki anasitasita moyoni, tusimlazimishe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari za nyama iliyotolewa kwa sanamu. Aliona kwamba nyama yenyewe si kitu, lakini kama kula kwake kungemkwaza ndugu, alikuwa tayari kuiacha. Wala tusijifanye sisi ndio wafasiri wa sheria ya Kanisa lake. Tumwambie kwa upole tunachokijua, kisha tumwombe akamwulize padre wake. Akijibiwa na padre wake atakuwa na amani, na amani hiyo ni bora kuliko ushindi wetu katika mabishano.

Nne, tusiifanye Biblia kuwa ndoano. Wako wanaompa Mkatoliki kitabu kwa nia ya kumvuta atoke kwake. Mwenye nia hiyo asishangae mama mkwe akikiweka juu ya kabati. Binti aliyeolewa naye aisome Biblia yake bila kuificha, aisome kwa adabu, na siku nyingine amwombe mama mkwe amsomee katika ile ya kwake. Wakizifungua zote mbili mezani, wataona kwamba moja ina Kristo na nyingine ina Kristu, kwa tofauti ya irabu moja, na Bwana ni yule yule.

Tano, mahali tunapokusanyika pamoja, matangani, katika sala za kuombea umoja, au shuleni, tutafute kitabu ambacho wote tunaweza kukifungua bila kusita. Kipo. Biblia Habari Njema, iliyotolewa nzima na Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya katika miaka ya 1990, ilifasiriwa kwa ushirikiano na Wakatoliki, na liko toleo lenye vile vitabu vya Deuterokanoni. Wengine hulalamika kwamba Kiswahili chake ni chepesi mno, hakina uzito wa Union Version tuliyoizoea. Huenda ni kweli kwa masikio ya wazee. Lakini usiku wa msiba faraja inayosikiwa na wote ni bora kuliko lugha nzito inayosikiwa na nusu ya waliokuwapo. Ingefaa kila jumuiya ya mtaa wetu iwe na nakala moja ya toleo hilo, ya kuchukuliwa msibani pamoja na vitabu vya nyimbo.

Mwezi wa Februari mwaka 1874, watu waliochoka kwa safari ya miezi mingi kutoka bara walifika Bagamoyo wakiwa na mwili wa David Livingstone. Marehemu alikuwa Mskoti, Mprotestanti. Aliyesoma sala za maziko kule ndani, ulipozikwa moyo wake, alikuwa Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyelelewa katika shule ya misheni ya Kianglikana huko Bara Hindi. Mwili ulipokelewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, ukalazwa kwao mpaka ulipovushwa kwenda Unguja. Siku zile Mkatoliki na Mprotestanti hawakuruhusiwa hata kufungua kitabu kimoja pamoja, lakini mlango ulifunguliwa. Sisi wa leo tumeruhusiwa kufungua na kitabu. Itakuwa aibu tukikiacha juu ya kabati kwa sababu ya hofu iliyokwisha kuondolewa, au kwa sababu ya majivuno yetu wenyewe.

Bwana na atupe masikio ya kusikia, na subira ya kusikilizana.